Ukumbi wa Chama, Lorain, Ohio

Wanda Kuzmik kaja na gazeti la zamani
limekunjwa mara nne kama hati ya talaka:
"Soma! Mgombea wako aliusifu mkataba wa biashara kwa kinywa chake."
Tibbs hasomi. Anakoroga kahawa iliyokwisha poa.
"Na wako je? Hapa anaapa atauchana,
kumbe mshauri wake anawanong'oneza Wakanada:
msijali, hayo ni ya jukwaani."

Chama kimoja, kadi moja,
na mate yanarukia sahani ya donati.
Wangu kabadili nia, wako kadanganya;
hutegemea beji iko kifua cha nani.

Mimi nakunja viti.
Miaka kumi na tisa nilifunga nyaya za friji.
Barua ya kufunga kiwanda ilikuwa na adabu sana,
haikumtaja mgombea yeyote.

Saa nne usiku gari la Wanda linagoma kuwaka.
Tibbs anamfungulia mlango wa lake, kimya.
Nami nyuma. Tunapita geti lenye kutu,
theluji isiyokanyagwa na zamu yoyote.

"Lakini aliusifu," asema Wanda.

"Funga mkanda."