Machipukizi

Daftari la kwanza liliota ukungu.
Tukuyu hii mvua haibishi hodi,
hupita kwenye tundu la msumari wa bati
ikakaa juu ya majina ya watu,
mpaka Angolwisye akawa doa la buluu
na kilo zake mia mbili za parachichi
zikabaki neno langu dhidi ya neno lake.

Daftari la pili lilikuwa kompyuta.
Wezi waliibeba Jumapili, sisi tuko kanisani.
Mzani waliuacha. Mzani ni mzito.

Ndiyo maana usiku huu niko ghalani,
kitenge mabegani, jiko la mkaa miguuni,
na Lwitiko, mtoto wa dada, yuko likizo
ananifundisha kuficha vitu kwa kuvitawanya.
"Si kwenye jumba moja la tajiri mmoja, mama mdogo.
Kompyuta inafunga kwanza, hapa hapa mezani,
herufi zinageuka changarawe.
Halafu inavunja changarawe mafungu themanini,
kila fungu linalala kwa mtu wake,
watu wanaopangisha nafasi kwenye mashine zao,
huyu Mwanza, yule nchi ya theluji."

Niwape wasionijua
madeni ya wakulima mia tatu na kumi?
"Watashika changarawe. Hawatasoma hata jina."
Na wakizima mashine zao, wakalala?
"Hamsini wazime. Thelathini wanatosha."

Nikanyamaza. Hesabu hiyo niliijua.

Bibi alikuwa na mgomba wa ndizi fupi, nene;
jina lake nimelisahau, ladha bado iko mdomoni.
Kila binti wa ukoo aliyeolewa
aliondoka na chipukizi kichwani,
udongo ukimdondokea shingoni, juu ya nguo mpya.
Watu wakasema, bibi huyu ana mkono wazi.
Mnyauko ulipokuja, shamba lake likalala chini lote.
Akachukua panga na kikapu, akazunguka:
Kyimo, Katumba, Masoko,
hadi Busokelo, kwa mkwe asiyempenda.
Nyumba saba alikuta migomba imeoza.
Tatu zilitosha.

Mkono wazi! Bibi alikuwa anaweka akiba.

Basi, Lwitiko, washa.

Kompyuta ikatoa maneno kumi na mawili.
Huo ndio ufunguo, akasema, na ukipotea
hakuna dirisha la kwenda kulia,
hakuna namba ya kupiga.
Sita nimeyachonga chini ya ubao wa mzani,
ule uliowashinda wezi.
Sita nimempa dada Tupokigwe ayashike kichwani.
"Na mama akisahau?"
Mama yako hajasahau kibaba cha mchele
nilichomkopa kabla wewe hujazaliwa.

Kisha kijana akafanya jambo la kuniua:
akafuta daftari lote.
"Nakala isiyojaribiwa ni tetesi, mama mdogo."
Akaanza kuliita lirudi.
Asilimia sitini na tatu, umeme ukakatika.

Tulikaa na mkaa.
Mvua ilikuwa inahesabu bati, ikikosea, ikianza upya.
Niliwawaza wale wageni, kila mmoja na punje zake,
hajui kwamba kitandani kwake, mbali huko,
amelaza karo ya watoto wa Masoko.

Umeme ukarudi. Majina yakaja,
Angolwisye na kilo zake mia mbili, mzima, bila doa.
Likaja hata neno "palachichi"
nililokosea siku ya kwanza, kidole kikiwa na baridi.
Na pembeni, kwenye safu nyembamba
niliyodhani itadondoka njiani,
ikaja Machi, bei iliposhuka:
*Bupe, kilo kumi na nne, nilipunguza mimi.*

"Mama mdogo, safu hii ya pembeni ni ya nini?"

Funga kompyuta, mwanangu. Mkaa umeisha.