Ankara Isiyo na Mkunjo

Radostina Velcheva hakuanza na mwizi.
Alianza na karatasi
iliyonyooka mno.

Ankara zinazofika Plovdiv hufika zimekunjwa mara tatu,
na moja, siku hizo, ilikuwa na doa la kahawa
la mtu asiyejulikana.
Hii haikuwahi kulala ndani ya bahasha.
Hii ilizaliwa ghorofa hii hii,
kwenye mashine ile ile inayokwaruza mstari mwembamba
upande wa kulia wa kila ukurasa.

"Huduma za ushauri," yasema.
Ushauri gani?
Kampuni inauza lifti. Lifti hupanda, lifti hushuka.
Ushauri wake unaishia hapo.

Leva elfu tisa na mia nane.
Anajua kwa nini si elfu kumi:
elfu kumi inataka sahihi ya pili,
na sahihi ya pili ina macho.

Akashusha majalada.
Namba arobaini na moja, Februari.
Arobaini na mbili, Agosti.
Arobaini na tatu, mwaka uliofuata, tarehe tatu Machi,
sikukuu ya taifa, hata waoka mikate wamefunga,
ila mshauri wetu, maskini, alikuwa kazini.
Mwaka na ushei, ankara tatu,
zafuatana kama vifaranga bila mgeni katikati.
Mshauri huyu hana mteja mwingine duniani.

Saa ya chakula akapanda basi hadi kwenye anwani.
Fundi viatu.
Ognyan, misumari midomoni, akamjibu bila kuitema:
"Barua za benki? Huja kuzichukua bwana mmoja
wa manunuzi, pale hospitali.
Viatu vyake sijawahi kuvishona.
Kila akija ni vipya."

Sisi tumeipa majina kama mtoto wa mwisho,
chai, mlungula, kadhongo, kitu kidogo,
tunaitamka huku tukitazama pembeni.
Kule haikuwa na jina la utani.
Ilikuwa na namba ya mlipa kodi.

Nayo fedha ilitoka wapi?
Si kwenye faida; faida ilipigiwa makofi mkutanoni.
Ilitoka kwenye waya.
Zabuni ilitaka waya wa milimita kumi na tatu,
uliofungwa ni wa kumi,
na mwezi Novemba lifti ya wodi ya wazazi
ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu
dakika arobaini,
ndani yake mama mwenye uchungu
na muuguzi aliyekuwa akimwambia, karibu, karibu,
bila kujua karibu na nini.

Radostina akarudi mezani. Akaitafuta ile ya kwanza,
arobaini na moja, ili aone nani aliipitisha.

Herufi mbili. Wino wa bluu.
R.V.

Akakumbuka. Ilikuwa Ijumaa, theluji,
na Dobromir wa mauzo alipita na makopo ya jamu ya waridi,
moja kwa kila meza, akicheka,
"Hii moja tu, Radka, nitakuletea mkataba Jumatatu."
Jumatatu haikuja na mkataba.
Jamu ilikuwa tamu. Aliimaliza na binti yake
kufikia Pasaka,
na kopo bado lipo, ndani yake vifungo vya mashati.

Taa za ukumbini zilizimwa.
Dobromir akachungulia mlangoni, koti begani:
"Bado upo? Nenda nyumbani, hizo karatasi hazina miguu."
"Zinayo," akasema, ila polepole,
na yeye alikwisha ondoka.

Akaandika. Mstari wa kwanza ulimchukua saa nzima:
*Ankara namba arobaini na moja niliipitisha mimi.*
Iliyobaki ilimiminika yenyewe.

Akachapa. Mkwaruzo mwembamba, upande wa kulia.
Akaikunja ripoti mara tatu,
akapitisha ukucha juu ya kila mkunjo,
kisha tena,
kwa nguvu.