Hatua Sitini

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.
Mwandiko ni wangu, kosa nalo ni langu:
ukurasa wa pili, mstari wa nne,
"Wajumbe wote waliridhia kwa kauli moja."

Ilikuwa Ijumaa, ukumbi wa Makole,
feni moja inazunguka, ya pili inaitazama.
Mweka hazina wa jiji alikuja na karatasi zake:
ushuru wa soko umeshuka,
zabibu zimeozea Hombolo kabla ya kulipiwa hata senti,
wenye vibanda wamefunga, ruzuku iko njiani,
na njia hiyo tunaijua urefu wake.
Akasema "nakisi" mara kumi na moja. Nilihesabu.
Neno dogo, ukilitamka ni kama chafya,
lakini sote tuliinamia viatu vyetu.

Vyama vitatu, meza moja.
Walimu dirishani, wauguzi karibu na mlango,
sisi wa usafi, masijala na magari ya taka
tumebanana katikati.
Pendekezo lilikuwa hili: mishahara ikatwe
asilimia sita, kwa miezi tisa,
posho ya likizo isubiri, saa za ziada zifutwe,
na asifukuzwe mtu.

Asifukuzwe mtu. Hapo ndipo tuliponasa.
Kila mmoja alikuwa na wake wa kumtazama;
mimi nilimtazama Ndahani, dereva,
ajira ya miezi minne, mapacha wa wiki tatu,
jasho linamshuka shingoni
utadhani bado anapakia taka.

Mwenyekiti Sakalani akasimama:
"Wanaoafiki wanyooshe mikono."
Mikono ikapanda,
mingine upesi, mingine kama inayoinua ndoo.
Chilewa Mbeleje, mfagizi, miaka kumi na tisa kazini,
akanyoosha wake, ule wenye kidole kisichokunjika.
Nikaweka alama. Sabini na mbili.
Mikono ikashuka. Wake ukabaki juu.

"Nilikuwa na swali," akasema.

"Miezi tisa, mmesema. Mimba hii ni ya nani,
na siku zake zikitimia, atazaliwa nani?"
Ukumbi ukaangua kicheko, mweka hazina naye.
Chilewa hakucheka.
"Na barabara yangu, toka kona ya benki
hadi mlango wa ofisi ya chama,
ni hatua elfu moja, nimezipima kwa miguu hii.
Mkinikata asilimia sita,
asilimia sita ya vumbi niiache wapi?"

Sakalani akasema muda umekwisha, chai iko nje.
Chai ilikuwepo kweli. Kavu.
Ile alama sikuifuta.

Jumatatu upepo wa Julai uliwahi kuamka,
ule unaokuachia mchanga kwenye meno.
Nilikuwa na muhtasari kwapani, naupeleka ukatiwe sahihi,
nikamkuta ameegemea ufagio wake.
Nyuma yake lami ilitulia, nyeusi, kama iliyooshwa.
Mbele yake, hadi kizingiti chetu,
mchanga mwekundu, maganda ya karanga,
kipande cha risiti ya mtu.
"Zihesabu," akaniambia. Hakuwa na hasira.
Nikazihesabu kwa kutembea.

Leo umepita mkato wa sita.
Hakuna aliyefukuzwa. Mapacha wa Ndahani wanakaa wenyewe,
mmoja ameota jino, baba yake alinionyesha picha
tukiwa dirisha la mshahara, akacheka peke yake.
Hilo nalo ni kweli, na sitaki kulificha.
Msimamizi akifika pale hugeuza shingo,
ghafla anavutiwa na paa la jirani.
Mvua zimeanza, vumbi limekuwa tope,
naingia ofisini nimelibeba kwenye soli,
nalikwangua mlangoni kwa kijiti
huku muhtasari umelala kabatini na mihuri yake yote mitatu.

Na kila asubuhi nahesabu upya,
nikidhani huenda kachoka, huenda kasamehe,
huenda hasira imemzidi akaacha mia.
Sitini.
Hajawahi kuzidisha hata moja.