Kwa Mujibu wa Kifungu

Mbeyu husoma nikipiga pasi.
Meza ni moja: upande wangu kanzu ya harusi ya watu,
upande wake kitabu cha Kiingereza cha gredi ya sita,
jalada limeshikwa kwa plasta ya kidonda.

Jioni hii kifungu ni cha maji.
Asubuhi kidimbwi kiko mbele ya nyumba,
saa sita jua linawaka,
jioni kidimbwi hakipo.
Maji yamekwenda wapi? Swali la kwanza, alama mbili.

Anasoma polepole, akikanyaga kila neno
kama mtu avukaye tope kwa viatu vya kuazima.
Halafu anafika kwenye lile refu:
i-va-po-re-sheni.
Analirudia. Nami nalirudia kimoyomoyo,
nachovya vidole bakulini, nanyunyizia kola,
nashusha pasi ya makaa.
Shhh.
Weupe unapanda, unapita taa, unapotelea kwenye bati.
"Ndilo hilo," nasema.
Anatazama juu. "Baba, huo ni mvuke."
"Kumbe mvuke nao umesoma."

Miaka kumi na tisa nimelifanya neno hili kwa mkono,
hapa Majengo, kichochoro cha nyuma ya duka la unga,
shati hamsini, kanzu themanini,
wala hakuna aliyeniambia lina jina refu namna hii.

Wiki jana kifungu kilikuwa cha ndege.
Baridi ikija, kilisema, ndege huondoka.
Ziwa huganda. Miti hubaki mifupa.
Swali la tatu: Ndege huenda wapi?
Mbeyu aliandika, kwa Kiingereza, kalamu ikikwaruza:
Huja kwetu.
Huja Mikindani maji yakipwa,
nyuma ya bomba la maji machafu,
wenye midomo iliyopinda kama sululu,
wakichokoa matope,
na Novemba huwa wengi hata mbwa wamechoka kuwafukuza.

Alikosa. Wino mwekundu, na pembeni:
Kusini. Kwa mujibu wa kifungu, jibu ni kusini.

Nilikishika kile kitabu mpaka pasi ikaunguza kitambaa.
Kusini ni wapi, kama si hapa?
Kile kifungu kiliwasindikiza ndege mpaka ukingo wa ukurasa,
kikawaaga, kikafunga mlango.
Sisi tuliokuwa nje kuwapokea
hatukuulizwa swali.

Sikwenda shuleni kuteta.
Mwalimu Nyevu ana watoto sitini na watatu,
na karatasi ya majibu aliletewa, hakuiandika yeye.
Nilimwambia Mbeyu: mtihani ni nyumba ya watu.
Ukiingia vua viatu, kula ulichoandaliwa.
Ukitoka, viatu vyako viko mlangoni.
Hakunijibu. Alikuwa anafuta.

Leo anaandika upesi.
La kwanza: maji yamekwenda hewani. La pili: jua.
La tatu, lile neno refu, analieleza bila kuinua macho.
La nne linamkwamisha:
Taja kitu kingine cha nyumbani kwenu kinachokauka.

Ananiangalia. Naiangalia kanzu.
Ananiangalia bado. Si kanzu anayoitazama,
ni fulana yangu iliyolowa mgongoni,
na kwapani, chumvi ya jana iliyochora ramani nyeupe.
Anainama, anaandika.

"Umeandika nini?"
"Fulana ya baba."
"Kifungu kimetaja fulana?"
"Swali hili halikusema kwa mujibu wa kifungu."

Anageuza kitabu nione.
Sijui kusoma yote, lakini naona:
swali lina mistari mitatu ya nukta,
yeye ameijaza, akapitiliza,
akapanda pembeni, wima,
mpaka kwenye namba ya ukurasa.

Naongeza makaa. Bado mkono wa kushoto wa kanzu,
na swali la tano:
Kipe kifungu hiki kichwa kinachofaa.