Sakafu ya Julai

Tulishuka Syokimau Ijumaa usiku, watu watano na begi moja,
na baridi ikatupokea kabla ya mjomba.
Nyanya alivaa sweta mbili, ya juu ya Baba,
mikono imekunjwa mara tatu.
"Mji huu," akasema, "unapumua kama mtungi."
Kwetu Voi hata kivuli hutoka jasho.

Tamasha la Kipupwe, bango lilisema, watoto nusu bei.
Baba akalisoma lote, hadi jina la mpiga chapa,
kama anavyosoma kibandiko nyuma ya friji.
Kazi yake ni hiyo, friji za watu.
Baridi anaijua kwa harufu ya gesi,
kwa mlio wa mota inayodanganya,
kwa mwenye bucha anayepiga simu saa tisa usiku.

Ndani walikuwa wakirusha theluji ya povu.
Ikatua kwenye nywele za Wakesho, ikanuka sabuni ya vyombo.
Palikuwa na mahindi ya kuchoma,
na mzee wa plastiki mwenye ndevu, amesahaulika tangu Desemba,
na katikati, sakafu:
nyeupe, imenyooka
kama shuka iliyotandikwa na mtu mwenye hasira.
Nyanya akaitazama sana.
"Stima ya hii analipa nani?"

Baba hakujibu. Alikuwa ametega sikio.
Chini ya muziki, chini ya kelele za watoto,
kitu kilinguruma, kikanyamaza, kikanguruma,
na mimi nikaujua ule uso.
Machi, uso ule ulikuwa nyuma ya hospitali,
katika chumba kisicho na dirisha,
mashine imezima na fundi wa kaunti yuko semina.
Baba alifungua nati hadi alfajiri,
mimi nikimshikia tochi ya simu.
Risiti hakuandika.
Shuma alikuwa droo ya tatu.

Tangu hapo friji yetu wenyewe iko wazi.
Tunaweka viatu.

Akaruka kamba, akabisha mlango wa bati,
na kijana wa mitambo, Otwori, akamfungulia.
Tuliwaona kupitia ufa, wamechuchumaa,
vichwa vimekaribiana
kama watu wanaokula sahani moja.

Mama ndiye aliyeingia.
Sijui alilipa saa ngapi. Nageuka, yuko katikati,
leso kiunoni juu ya jinzi,
mikono imetanda kama anayefukuza kuku.
Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.
Barafu, yeye aliivalia.
Akaanguka. Akaanguka tena, safari hii na mwalimu wake.
Akaketi hapohapo, miguu mbele, sketi ya leso ikilowa,
akacheka.
Kicheko kilikuwa na kutu.
Kilikwama, kikakohoa,
kikashika.
Mlango wa bati ukafunguka. Baba amesimama, bisibisi mkononi,
na hakuwa akisikiliza mashine.

Jumapili Wakesho alitaka kumpelekea Shuma.
Alilitaja jina, hivyo tu,
akijaza barafu ya kukwangua kwenye chupa ya chai,
wala hakuna aliyemnyamazisha.
Otwori akamwongezea koleo moja.
Stesheni akaifungua mara nne kuhakikisha ipo.

"Funga," Baba akasema. "Unaingiza joto."
"Si baridi inatoka?"
"Hakuna kitu kinachotoka kinaitwa baridi.
Ni joto tu ndilo huhama.
Shika mgongo wa friji inayofanya kazi,
utalikuta pale, lote, halijapotea."
Mama akatazama dirishani, ingawa treni haijaondoka.

Emali ilikuwa maji.
Nyanya alikuwa na kidonge cha presha na hana cha kumezea.
Wakesho akafikiri, akampimia nusu kwa kifuniko.
"Nusu ni ya Shuma."
"Ina ladha ya majani ya chai," Nyanya akasema,
na akameza taratibu, kama mgeni.

Karibu na Mtito, Baba, macho kafumba,
sote tukidhani amelala:
"Mama Shuma," akasema,
"vile viatu tutaviweka wapi?"