Viraka Sebuleni

Tangu Machi pana viraka vitatu ukutani,
kila kimoja upana wa kiganja changu na nusu,
juu ya rangi ya maziwa yaliyolala
tuliyorithi kwa Bi Isobel Geddes,
aliyevuta sigara humu miaka arobaini
madirisha yakiwa yamefungwa.

Faki anataka kijivu.
Nikamwambia: kijivu ni mtoto wa jivu,
nani atoke kwao mbali kote huko
aje kukaa ndani ya jiko lililozimika?
Akasema, tazama nje.
Nikatazama. Dundee nzima imepakwa anachokitaka:
mapaa, mto Tay, shakwe juu ya mabomba ya moshi,
hata saa tisa na nusu ya alasiri ya Desemba
jua linapofunga duka.
Basi kipo cha bure, nikasema. Cha ndani tulipie cha nini?

Dukani rangi zina majina kama watoto wa matajiri:
Pumzi ya Mwanakondoo. Kitani cha Shangazi. Ukimya wa Jumanne.
Kijana wa kaunta, Callum, alinitajia moja moja
kama anayenitambulisha kwa wakwe.
Mimi nilikwenda na zangu, za kuliwa na kushikwa:
manjano ileile ya kwenye mchuzi,
kahawia iliyotoka kwenye kahawa,
maji ya kunde, ambayo ni ngozi ya mama yangu,
na damu ya mzee,
ambayo sikujua nitaiombaje pale
bila kuitiwa polisi.

Kushoto, basi, kijivu cha Faki.
Katikati, manjano yangu.
Kulia ni cha Salha, miaka kumi na mitatu: nyeusi,
"kama moyo wangu," alisema,
kisha akaomba hela ya chipsi.

Wageni wakapiga kura.
Agnieszka wa ghorofa ya pili alichagua kijivu, kwa huruma.
Fundi bomba alichagua bila kuulizwa.
Shemeji Khelef alimaliza sahani mbili za biriani,
akarudi nyuma hatua tatu, akakunja mikono,
akasema zote nzuri.
Ndiyo maana mpaka leo hajaoa.

Nikiri jambo ambalo Faki sijamwambia:
kwenye kopo manjano ilicheka.
Ukutani mwanga wa huku uliikaba shingo.
Asubuhi ni bizari, sawa,
lakini jioni ni macho ya mtu anayeumwa ini.
Nimeitetea miezi minane hivyohivyo.

Isipokuwa usiku mmoja wa Juni, saa nne,
jua bado limegoma kulala,
kiraka kile kikawaka
kama sinia la shaba lililosuguliwa kwa ndimu,
na Faki, anayekwenda zamu ya usiku,
alisimama mbele yake kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi,
hakusema kitu,
akachelewa basi.

Shuleni mdogo wetu, Idarusi, aliulizwa
sebule ya kwenu ina rangi gani.
Akajibu: Bado.
Mwalimu akatuandikia barua ya adabu sana,
angependa kujua bado ni rangi ya namna gani.

Wiki iliyopita niliamka nikakuta kiraka cha nne.
Faki ametoka kazini alfajiri,
akamimina mabaki yote matatu
ndani ya sufuria yangu ya maziwa,
akakoroga, akapaka, akalala na brashi kwenye sinki.
Si jivu, si bizari, si moyo wa Salha.
Mboga iliyochacha, ukiiangalia kwa hasira.
Nikaegemeza mkono wangu pembeni yake,
nikausogeza, nikaurudisha.
Sufuria sijaisamehe.

Kilipokauka nilikibandua kipande kama kucha,
nikampelekea Callum akipimishe kwenye mashine yake.
Lita kumi, nikasema.
Akauliza aandike jina gani.
Nikamtajia, polepole, mara mbili.
Ameandika Bando.

Kopo liko chini ya ngazi.
Hatujalifungua.