Ngoja Maji Yatulie

Chipu ina baiti elfu moja na ishirini na nne.
Ukucha wa kidole changu cha mwisho unaifunika.
Humo lazima viingie jua la mchana, betri, swichi,
taa ya kuitia dagaa,
na akili ya kujua izime lini
kabla betri haijafa jumla.

Holo kaandika kwa siku moja na nusu.
Kachukua maktaba ya bure, kompaila ya bure,
kabandika, kaunga, kaita vya wenzake,
na msimbo wake unasomeka kama barua.
Baiti elfu moja mia moja na tisini.
"Tununue chipu kubwa, dada Mbuke. Ni mia tisa tu."
Mia tisa mara taa mia tatu.
Nikapiga hesabu kwa chaki kwenye bati la mlango:
laki mbili na sabini elfu,
kodi ya kibanda hiki cha Mabatini, miezi mitatu.
Tukaitazama wote wawili. Tukanywa chai.

Mimi nimelelewa na daftari la Mazigo.
Asembli, kwa penseli, amri moja mstari mmoja,
akihesabu mapigo ya saa kama mama lishe anavyohesabu chenji:
midomo haitikisiki, senti haipotei.
Baiti mia sita na kumi na mbili. Zote.
Ila maelezo ya pembeni kayaandika Kikerewe,
na Mazigo kalala Bukindo, mwaka wa tano huu.

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio," nilimwambia Holo.
"Na iliyoshonwa gizani," akasema, "nani ataijua mishono?"
Nikanyamaza. Alikuwa amenipata.

Kulikuwa na kitanzi kisichofanya kitu.
Kinazunguka mara mia mbili,
kisha kinaendelea na safari, mikono mitupu.
Holo alikifuta. Taa kumi za majaribio
ziliwaka vizuri mezani, Alhamisi.
Ijumaa zikaenda ziwani, Kayenze,
na saa nane za usiku zikazimika, moja, moja,
betri zikiwa zimejaa.
Dagaa wakatawanyika kama wanafunzi waliosikia kengele.
Bwire alirudisha taa tisa.
Ya kumi, alisema, tuiulize sangara.

Jumatatu nikapanda meli ya Nansio,
daftari ndani ya mfuko wa unga.
Mjane wake alikuwa anaanua makopa.
Akajipangusa mikono, akasoma,
akacheka mpaka akakaa chini.
"Kasema: hapa ngoja maji yatulie.
Ndivyo alivyotuimbia kila siku mwaloni:
ukitumbukiza ndoo tope linapanda,
usichote, simama."

Kumbe. Taa ikiwaka betri inashtuka,
volti inaporomoka kidogo, porojo tupu,
kisha inarudi mahali pake.
Anayesoma papo hapo anasoma tope.

Sasa niseme nimechagua nini?
Nilifungua kile kilichozalishwa na kompaila ya Holo,
nikakisoma mstari kwa mstari hadi adhana ya alfajiri.
Mahali pamoja ilifanya ujinga.
Mahali pawili ilifanya jambo
ambalo mimi, miaka kumi na minne kwenye kazi hii,
sikuwahi kuliwaza.
Liliniuma. Nikalinakili.

Tukatupa maktaba, tukabakiza kompaila.
Mistari kumi na moja ni ya mkono, ya Mazigo,
na kitanzi chake kivivu kimo humo.
Pembeni Holo kaandika kwa Kiswahili, mimi nikitamka,
kwa nini tunangoja, na tunangoja nini,
na jina la aliyengoja kwanza.

Elfu moja na tisa. Inaingia,
imebana kama godoro ndani ya bajaji.
Zimebaki baiti kumi na tano.
Holo anauliza tuzitie nini.

Ziache.